"Shangazi, mimi si mtu wa kuongoza"

Shangazi, shikamoo. Nina miaka 34, ni muuguzi wa wodi ya wazazi katika hospitali moja mkoani Morogoro, na huu ni mwaka wa tisa kazini. Metroni anataka nichukue usimamizi wa wodi kwa kuwa dada aliyepo anastaafu. Miaka miwili iliyopita nilikataa nafasi kama hii, akapewa mwenzangu ambaye mimi ndiye niliyemfundisha kazi. Mimi ni mkimya tangu utotoni. Nyumbani walikuwa wakisema mwenye mdomo ni dada yangu, mimi ni wa jikoni. Mume wangu naye anasema nitaumia, maana siwezi kugombana na watu. Nikatae tena?

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeifupisha, lakini kuna kipande nilichokiacha nje kwa makusudi ili tuanzie hapo. Unasimulia usiku ule mama alipotokwa damu nyingi baada ya kujifungua. Ulimwambia mwenzako aendelee kukanda tumbo, ukamwagiza mwingine aweke dripu ya pili, wewe ukachoma oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, ukamtuma mhudumu akamwite daktari wa zamu, ukahakikisha sampuli imefika maabara ili damu itafutwe mapema. Mama akapona. Kisha unamalizia: "Nilisaidia kidogo tu."

Kidogo? Wenzako wote walikuwa wanakusikiliza wewe, katika dakika ambazo mzazi anaweza kufa, na hakuna aliyelalamika kwamba sauti yako ni ndogo. Metroni hajakukadiria kupita kiasi. Ameona kazi, akaiita kwa jina lake.

Umechanganya mambo mawili, na nadhani hujawahi kuyatenganisha. Ukimya wako ni hulka. Watu wengine huchoka wakikaa na kundi kubwa, hupenda kufikiri kwanza ndipo waseme, na wewe ni mmoja wao. Hilo silioni kuwa ugonjwa. Lakini "siwezi kuongoza" si hulka hata kidogo. Hiyo ni hukumu uliyojipa mwenyewe, nayo ilianza kwa maneno waliyoambiwa watoto wawili wa kike nyumbani kwenu. Familia nyingi hugawa hivyo: huyu ana mdomo, yule ana mikono. Sidhani kama wazazi wako walikusudia ubaya. Ila waliyasema kwa mtoto ambaye hajawahi kumhudumia mgonjwa wala kushika zamu, na inaniuma kuona mwanamke wa miaka 34 bado anayatumia kujibu barua za kazi.

Ubaya wa picha kama hiyo ya nafsi ni kwamba huchagua ushahidi. Ukikosea, unasema ndivyo nilivyo. Ukifanikiwa, unasema ni bahati, au nilisaidiwa. Mwaka 1978 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Pauline Clance na Suzanne Imes, waliandika kuhusu wanawake waliofaulu vizuri masomoni na kazini huku wakiamini kwamba wamewadanganya watu na siku moja watagundulika. Nilipoisoma barua yako niliwakumbuka wanawake hao. Tena kukataa kwako miaka miwili iliyopita sasa kumegeuka ushahidi mwingine: unasema hujawahi kuongoza. Utaongoza vipi kama kila mlango unaufunga kabla hujaingia?

Usisubiri kwanza uwe mwongeaji. Hulka hubadilika, ila polepole. Tafiti zilizofuatilia watu kwa miaka mingi zinaonyesha kwamba wengi, kati ya umri wa miaka 20 na 40, huzidi kutulia kihisia na kuwa makini zaidi na wajibu wao, na majukumu ya kazi yanaonekana kuhusiana na mabadiliko hayo. Kujiamini nako kuna njia zake. Mwanasaikolojia Albert Bandura, aliyeandika juu ya jambo hili mwaka 1977, alitaja vyanzo kadhaa: kumwona mtu kama wewe akiweza, kutiwa moyo, na namna unavyousoma moyo wako unapodunda. Lakini chenye nguvu kuliko vyote, alisema, ni kulifanya jambo lenyewe ukafanikiwa. Kwa hiyo maneno yangu haya ni msaada mdogo. Zamu zenyewe ndizo zitakazokusaidia.

Kuhusu kugombana: huyo dada anayestaafu unasema alikuwa mkali, akimfokea mtu mbele ya wagonjwa. Usimwige. Muuguzi akichelewa, mwite pembeni baada ya kukabidhiana zamu, mtajie siku na saa aliyofika, muulize kuna nini, kisha mkubaliane. Mkimya akisema jambo mara moja kwa utulivu, watu husikia. Kwa kikao cha asubuhi, andika usiku uliotangulia mambo utakayosema, usome kama ikibidi. Tafuta pia msimamizi wa wodi nyingine asiye na makelele, ukae naye umwone anavyofanya.

Mume wako usimfanye adui. Anakujua ulivyo nyumbani, na usiku ule wodini hakuwepo. Msimulie kama ulivyonisimulia mimi, bila hilo neno "kidogo". Mzungumze zamu zitakavyokuwa na nani atabaki na watoto, maana hayo ndiyo anayoweza kukushauri vizuri.

Kuna sababu moja ya kukataa ambayo ningeiheshimu: kama unapenda kuwa karibu na wazazi na huna hamu ya kupanga ratiba na kuandika ripoti za dawa. Wauguzi wa namna hiyo tunawahitaji sana. Lakini hilo hukuliandika popote. Ulichoandika, tena mara mbili, ni kwamba aliyepewa nafasi ile ulimfundisha wewe.

Basi mwambie metroni uko tayari kukaimu kwa miezi mitatu, halafu mtazame pamoja. Omba barua ya kukaimu, kwa sababu makubaliano ya mdomo huleta utata wa posho na wa nani mwenye mamlaka. Na umwombe dada huyo akukabidhi daftari la dawa, ratiba ya zamu na orodha ya vifaa sasa hivi, angali yupo kazini.

Shangazi yako