Maswali yenu ya ligi: nani anashika daftari la mgao?

Maswali ni mengi mwezi huu. Nimeyachukua yanayogusa jambo tunalolipita mbio barazani tukimkimbilia kocha na mshambuliaji: pesa ya ligi inaingilia wapi, nani anaigawa, na deni linabaki mlangoni kwa nani.

*Kwa nini kule Marekani timu ya mwisho haishuki daraja? Hiyo nayo ni ligi? (Msomaji, Langoni)*

Tangu Messi aende Miami naletewa swali hili kila mara, na kila mara linakuja limebeba neno "bandia". Leo nalijibu kwa kirefu, mlihifadhi, nisilione tena.

MLS, ndiyo hiyo ligi kuu ya Marekani, ilizaliwa juu ya kaburi la ligi nyingine. NASL ilimleta Pelé New York Cosmos mwaka 1975, viwanja vikafurika, kila tajiri akataka Pelé wake. Mishahara ikayapita mapato, na msimu wa 1984 ukawa wa mwisho. MLS ilipoanza 1996 na timu 10, waasisi walikuwa bado wanakumbuka mazishi yale. Wakaijenga kama kampuni moja. Mwenye timu pale hamiliki klabu inayojitegemea kama zilivyo za Uingereza. Ana hisa katika ligi nzima, pamoja na haki ya kuiendesha timu ya mji fulani. Mkataba wa mchezaji anautia saini na ligi. Kwa hiyo timu mbili haziwezi kupandishiana dau kwa kumgombea mtu mmoja mpaka zote zizame. Wachezaji waliona hiyo ni njia ya kubana mishahara yao, wakaenda mahakamani mwaka 1997. Mwaka 2002 mahakama ya rufaa ikawakatalia.

Hata kwa ubanaji huo, hasara iliwakaba. Baada ya msimu wa 2001 timu mbili za Florida, Tampa Bay Mutiny na Miami Fusion, zilifungwa kabisa. Kuna kipindi tajiri mmoja, Philip Anschutz, alikuwa akizibeba timu 6 peke yake. Kama si yeye, leo tusingekuwa tunaizungumzia ligi hiyo.

Kilichowatoa ni ada ya kuingia. Toronto waliingia 2007 kwa dola milioni 10. San Diego walikubaliwa mwaka 2023 kwa dola milioni 500. Sasa wewe toa milioni 500, halafu nikwambie ukifanya vibaya mwakani utacheza daraja la pili. Utatoa? Kinachouzwa pale ni kiti, na kiti ambacho mtu anaweza kunyang'anywa hakifiki bei hiyo.

Kwa hiyo ndiyo, ni ligi, na imedumu kwa sababu ilijua kuhesabu. Lakini siitamani kwetu, na nitasema wazi kwa nini. Timu ya mji mdogo kule inaweza kutwaa ubingwa wa daraja lake miaka 10 mfululizo na mlango wa juu usifunguke. Sisi wa Lamu hatuna tajiri wa kutununulia kiti. Ngazi ya kupanda ndiyo mali pekee tuliyonayo katika soka, na kila ninaposikia mtu Nairobi akisema ligi yetu ifungwe "ili wawekezaji waje", najua sisi tutakuwa upande gani wa mlango huo.

*Kama wana kikomo cha mishahara, Messi wanamlipaje? (Msomaji, Mokowe)*

Wana mlango wa pembeni, nao waliufungua kwa ajili ya Beckham mwaka 2007 alipokwenda LA Galaxy. Kila timu inaruhusiwa wachezaji wasiozidi 3 ambao mshahara wao unavuka kikomo, na sehemu tu ya mshahara huo ndiyo huhesabiwa. Mkataba wa Beckham ulimpa pia haki ya kununua timu baadaye kwa dola milioni 25. Timu hiyo ndiyo Inter Miami, iliyoanza kucheza 2020. Naye Messi alipofika 2023, mkataba wake ulifungamanishwa na mapato ya watazamaji wanaolipia mechi kupitia Apple. Yaani anayejaza uwanja anakula katika kile alichokijaza. Huo ni mpango wa watu waliokaa chini na kalamu.

*Nipe timu 5 za uhakika za mkeka wa kamari wa Jumamosi.*

Sitoi, na sitatoa.

*Assalamu alaykum. Nasikia timu ya mwisho Uingereza hupata pesa nyingi kuliko bingwa wa nchi nyingine. Wanagawanaje? (Msomaji, Shela)*

Wa alaykum salaam. Wewe umeuliza swali la maana, na ukiwa mtu wa pwani jibu unalijua kwa mkono. Chombo kikirudi na samaki, kwanza hutolewa mafuta na barafu, kisha kuna fungu la chombo, fungu la nahodha, na mabaharia wagawane kilichobaki. Nahodha hupata zaidi, lakini hakuna baharia anayerudi nyumbani mikono mitupu, kwa sababu akirudi mikono mitupu mara mbili, ya tatu hapandi.

Uingereza, tangu Premier League ianzishwe 1992, haki za matangazo huuzwa kwa pamoja. Pesa ya televisheni za ndani ya nchi ikishaingia, nusu hugawanywa sawasawa kwa timu zote 20. Robo hufuata nafasi kwenye msimamo. Robo iliyobaki hufuata idadi ya mechi za timu zilizoonyeshwa. Pesa ya nje ya nchi zamani ilikuwa sawa kwa wote. Tangu msimu wa 2019/20 nyongeza hufuata msimamo, lakini wakajiwekea mpaka: wa juu kabisa asipate zaidi ya mara 1.8 ya wa chini kabisa.

Linganisha na Hispania ya zamani. Kila klabu ilikuwa ikijiuzia haki zake yenyewe. Real Madrid na Barcelona wakabeba bahari, wengine wakabaki na mapovu. Ilibidi serikali itoe amri mwaka 2015 ndipo wakaanza kuuza kwa pamoja. Wanaosema "mkubwa ale zaidi, ndiye anayeleta watu" wamesahau kwamba mkubwa anahitaji mtu wa kucheza naye, na awe mtu aliyeshiba kiasi cha kumsumbua.

*Wewe unachukia kamari kupita kiasi. Bila kampuni hizo ligi yetu ingekufa. (Msomaji, Malindi)*

Ndugu yangu wa Malindi, tazama miaka, kisha unihukumu. Bunge lilipopandisha kodi ya kamari hadi asilimia 35, SportPesa wakatangaza Januari 2018 kwamba wanaondoa udhamini wao michezoni. Wakarudi. Agosti 2019, leseni ilipoleta mgogoro na serikali, wakaondoka tena, na Gor Mahia na AFC Leopards wakaachwa msimu unaanza na jezi hazina mdhamini. Mwaka 2020 wakaja BetKing na mkataba wa miaka 5 wa shilingi bilioni 1.2. Haukumaliza hata miaka miwili. 2021 ulikuwa umevunjika.

Mara tatu, pigo lilitoka kwenye kodi, leseni au mkataba, mambo ambayo hakuna mchezaji aliyeyagusa. Mdhamini wa aina moja, biashara ya aina moja, tena biashara ambayo serikali inaweza kuibana kwa sahihi moja: huwezi kulaza wachezaji zaidi ya 400 na familia zao juu ya mto huo. Na kuna jambo hukuniuliza nami nitalisema. Pesa ile inatoka mifukoni mwa vijana hawahawa wanaoomba niwape timu 5 za uhakika. Nimeona kijana wa jirani akiuza injini ya mashua ya baba yake. Hiyo si pesa ya udhamini kwangu.

Tena ligi yetu ilishawahi kuwa na nguzo bora. Televisheni ya SuperSport ilirusha mechi zetu kwa miaka. Mwaka 2017 ligi ikapanuliwa kutoka timu 16 hadi 18 katikati ya ugomvi wa viongozi, na SuperSport wakaondoka mwaka huohuo. Majirani zetu wa Tanzania, wao waliketi na televisheni ya Azam mwaka 2021 wakatoka na mkataba wa miaka 10, zaidi ya bilioni 225 kwa shilingi yao. Mwekezaji wa televisheni anataka jambo moja: ratiba isimame na kanuni zisibadilike usiku. Sisi mwaka huohuo wa 2021 shirikisho lilivunjwa na waziri, na Februari 2022 FIFA ikatufungia.

*Super League ya Ulaya imeishia wapi?*

Klabu 12 ziliitangaza Aprili 18, 2021, zikitaka viti vya kudumu; ndani ya siku tatu klabu zote 6 za Uingereza zilikuwa zimekimbia, mashabiki wakiwa mlangoni. Soma tena jibu la kwanza.

*Sheria ya Ujerumani ya 50+1 ingetufaa? (Msomaji, Faza)*

Ingetufaa, lakini isomwe yote. Sheria hiyo, ya tangu 1998, inasema wanachama wa klabu wabaki na kura nyingi hata tajiri akinunua hisa. Bayer Leverkusen na Wolfsburg walipewa ruhusa ya pekee kwa sababu ya kampuni zilizowalea. Nguvu ya wanachama si ya maandishi tu: mwanzoni mwa 2024 mashabiki walitupa mipira ya tenisi viwanjani wiki baada ya wiki kupinga mwekezaji wa haki za matangazo, na Februari uongozi wa ligi ukaacha mpango huo.

Lakini mwanachama wa Ujerumani ana kadi, analipa ada, na anahudhuria mkutano. Kwetu "klabu ya wananchi" mara nyingi maana yake ni klabu ambayo hakuna anayejua wanachama ni akina nani. Anzeni na daftari la majina.

*Timu yetu inakaribia kupanda daraja. Tutapata pesa kiasi gani? (Katibu wa timu, Lamu mjini)*

Katibu, umeuliza upande mmoja wa daftari. Nami nakuuliza mwingine: mtatumia kiasi gani?

Niliwahi kuwa mweka hazina wa timu hapa kisiwani. Tulipopanda tulizunguka mtaa mzima kwa ngoma. Mechi ya kwanza ya ugenini: mashua hadi Mokowe, basi kupitia Witu na Garsen, kulala Malindi, kula watu 22, kisha kurudi. Safari mbili zikamaliza mchango wa msimu. Ya tatu tulikwenda wachezaji 13. Ya tano hatukwenda, tukapoteza pointi mezani. Vijana wetu hawakufungwa na timu bora. Walifungwa na nauli, na mimi nilikuwa nimeiona hesabu hiyo mapema nikanyamaza kwa sababu sikutaka kuharibu furaha. Najuta mpaka leo.

Uingereza timu inayoshuka hupewa pesa ya kuipunguzia maumivu kwa hadi miaka mitatu. Huku madaraja ya chini usitarajie kitu, kushuka wala kupanda. Kwa hiyo, kabla ya fomu ya usajili, andikeni safari zote za ugenini, moja moja, nauli ya mashua ikiwemo. Kaeni na wenye mashua mkiwa bado mna jina zuri. Pelekeni hesabu hiyo kaunti na mliombe shirikisho kanda inayojali umbali, na nataka timu zote za Lamu ziombe pamoja. Viingilio vya uwanja wa Twaif viandikwe siku hiyohiyo, mbele ya watu watatu. Mkishamaliza niletee nakala. Nitaipitia mstari kwa mstari, na safari hii sitanyamaza.