Mfumo wa Hospitali ya Kijijini: Mjengee Muuguzi wa Zamu

Ukiitwa kuweka mfumo wa kompyuta kwenye hospitali ndogo ya kijijini, watu watatu watawahi kukueleza wanachotaka: mganga mfawidhi, mhasibu, na mtu wa mradi unaotoa fedha. Wasikilize, wana haki yao. Lakini usichore chochote kabla hujakaa na wa nne, ambaye hakuitwa kikaoni kwa sababu yuko wodini. Huyo ni muuguzi wa zamu.

Nimefanya kazi hii miaka kadhaa kwenye hospitali za Nyanda za Juu Kusini, Tanzania, zile ambazo daktari ni mmoja au wawili, matabibu wachache, na usiku muuguzi mmoja anabeba wodi mbili. Nimeona mifumo iliyodumu, na nimeona kompyuta zilizofunikwa vitambaa zikaachwa. Haikuwa bei iliyozitenganisha, wala uzuri wa programu. Ile iliyodumu ilimpa anayeandika faida yake kabla zamu yake haijaisha. Iliyokufa ilimwongezea kitu kingine cha kujaza juu ya madaftari aliyokuwa nayo, na faida ikaenda kwa watu wa mjini asiowajua.

Kwa hiyo, kabla ya kufungua kompyuta yako, kaa mapokezi siku yenye watu wengi na umfuate mgonjwa mmoja tangu anaingia mpaka anatoka. Dirisha la kadi, masijala kutafuta faili, kwa tabibu, malipo, maabara, tena kwa tabibu, dirisha la dawa. Hesabu jina lake linaandikwa mara ngapi. Utaliona kwenye kadi, kwenye faili, kwenye Kitabu cha 5 cha MTUHA (daftari la wagonjwa wa nje katika mfumo wa taarifa za afya wa serikali), kwenye fomu ya maabara na daftari la maabara, kwenye stakabadhi, kwenye fomu ya bima kama anayo, na kwenye daftari la dawa. Mwandiko unabadilika kila kituo, na jina linabadilika nao. Hapo ndipo kazi yako ilipo: jina liandikwe mara moja, kisha limfuate mgonjwa lenyewe.

Faida ya pili ambayo wauguzi na matabibu wataihisi haraka ni taarifa ya mwezi. Anayefanya kazi vituoni anaijua ile wiki ya mwanzo wa mwezi: watu wazima wamekaa na Kitabu cha 5, wanahesabu vijistari vya malaria, nimonia na kuhara kwa kila kundi la umri, ili karatasi ipelekwe wilayani na tarakimu ziingizwe kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta wa kukusanya takwimu za afya. Mfumo huo, uliokuzwa na Chuo Kikuu cha Oslo baada ya kuanzia Afrika Kusini miaka ya 1990, umekuwa ndio njia ya taarifa za afya nchini kwetu kwa miaka mingi sasa. Ukiweza kumwambia tabibu kwamba hesabu ile itatoka yenyewe akibonyeza mara moja, umempata. Atakusaidia hata pale mfumo unaposumbua, kwa sababu anajua anachokipigania.

Haya si mapya Afrika Mashariki. Mwaka 2001, kwenye kituo cha afya cha Mosoriot huko Nandi, Kenya, watu wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana waliweka mfumo mdogo sana: kompyuta mbili zilizounganishwa, programu ya kawaida ya Microsoft Access, na sola ya kushikilia umeme ukikatika. Walipopima baadaye walikuta muda wa mgonjwa kukaa kituoni umepungua kwa asilimia 22 na muda wa kusubiri kwa asilimia 38. Kutoka kwenye kazi ile ndipo ilipopatikana njia ya OpenMRS, programu huria ya kumbukumbu za wagonjwa, iliyoanza mwaka 2004 na leo inatumika nchi nyingi. Nawaambia vijana wa TEHAMA wausome mfano huo vizuri, kwa sababu ulianza na kadi ya mgonjwa na foleni yake, mambo mengine yakafuata.

Sasa tuje kwenye mambo madogo, na hapa ndipo nimeona mifumo mingi ikikwama.

Umri kwanza. Programu nyingi zimetengenezwa kwa nchi ambazo kila mtu anajua tarehe yake ya kuzaliwa, na haziendi mbele mpaka uijaze. Bibi wa miaka sabini na kitu aliyeletwa na mjukuu hana tarehe ya kukupa. Karani ana foleni hadi nje, kwa hiyo anaandika 1 Januari na mwaka wa kukisia. Nimewahi kufungua kanzidata ya hospitali moja nikakuta wagonjwa wengi mno wamezaliwa siku hiyo moja, na mtu yeyote anayesoma takwimu zile hawezi kujua ipi ni kweli na ipi ya kukisia. Weka sehemu ya kuandika "miaka 70 hivi" au "miezi 8", na alama inayoonyesha kwamba umri ni wa makadirio. OpenMRS inayo alama hiyo tayari. Miezi ni muhimu kuliko unavyodhani, kwa kuwa taarifa ya MTUHA inatenganisha watoto wa chini ya mwezi 1, wa mwezi 1 hadi chini ya mwaka 1, na wa mwaka 1 hadi chini ya miaka 5. Tena umri huo huo hutumika kuamua msamaha wa malipo kwa watoto wadogo na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Ukikosea umri, umekosea taarifa ya serikali na umemtoza mzee asiyestahili kutozwa.

Majina nayo. Halima leo, kesho Alima. Mohamed, Muhamedi, Mohamedi. Kuna sehemu ambako r na l hubadilishana bila mtu kuona tatizo. Mama ameolewa, jina la mwisho limehama. Utafutaji unaodai herufi zote ziwe sawasawa utazaa faili mpya kila mgonjwa anapokuja, na historia yake itabaki vipande vipande: mzio wa dawa uko faili moja, kisukari faili nyingine. Weka utafutaji unaokubali matamshi yanayokaribiana, kisha uonyeshe kijiji, kitongoji na umri pembeni ya jina ili karani amtambue mtu wake. Usitegemee namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa) peke yake, maana watoto wengi hawana na watu wazima wengi huiacha nyumbani. Tengeneza namba ya hospitali yenye tarakimu ya ukaguzi mwishoni, inayokokotolewa kutoka zile zilizotangulia kwa njia aliyoibuni Hans Peter Luhn wa IBM. Karani akiandika 63 badala ya 36, kompyuta inakataa pale pale, kabla faili la mtu mwingine halijafunguka.

Na saa. Muuguzi anayempa mgonjwa maelekezo anasema saa mbili usiku, skrini inataka 20:00. Amesoma, anajua kubadilisha, lakini saa tisa usiku akiwa na mama anayetokwa damu usimpe hesabu ya kufanya. Mfumo ujaze saa wenyewe, na umruhusu kuirudisha nyuma, kwa sababu wodini huduma hutolewa kwanza na kuandika hufuata. Ukiweka vitufe, viandike "saa 2 usiku" na uache kompyuta ihifadhi inavyotaka huko ndani.

Umeme unahitaji hesabu ya kalamu na karatasi kabla ya kununua chochote. Chukua kompyuta sita za mezani, kila moja na skrini yake ikila wati 120. Kwa saa kumi umetumia wati-saa 7,200. Betri ya sola ya volti 12 na ampea-saa (Ah) 200 ina wati-saa 2,400, na ile ya risasi na asidi haifai kuishusha chini ya nusu kama unataka idumu, kwa hiyo unapata 1,200. Betri sita hazitoshi, ukijumlisha kinachopotea kwenye inveta. Weka kompyuta mpakato sita za wati 30, na matumizi yanashuka hadi 1,800. Betri mbili zinakufikisha jioni. Kompyuta mpakato ina betri yake pia, kwa hiyo umeme ukikatika katikati ya sentensi, sentensi haipotei. Nimeshuhudia vikao vikibishana kwa saa nzima kuhusu rangi ya nembo kwenye skrini wakati hesabu hii haijafanywa na mtu yeyote.

Huko kwetu radi ni jambo zito. Waya wa shaba wa mtandao unaovuka kutoka jengo hadi jengo hubeba mshtuko hadi ndani ya seva, kompyuta kuu inayohifadhi data. Kati ya majengo tumia nyaya za faiba au mawimbi, na ndani ya jengo ndiyo utumie shaba. Seva iwe palepale hospitalini, kwenye chumba kikavu chenye kufuli, ili intaneti ikipotea kwa wiki nzima kazi iendelee na kinachosubiri kiwe kutuma taarifa tu. Nakala ya akiba itoke kila usiku kwenye diski iliyofungwa kwa nywila, ziwe diski mbili za kupokezana, moja ikikaa jengo jingine. Na mara kwa mara rudisha data kutoka kwenye diski hiyo uone kama inafunguka. Nakala ambayo hujawahi kuijaribu usiihesabu.

Karatasi usiidharau. Kila meza iwe na fomu zilizochapwa zenye mpangilio uleule wa skrini, ili mfumo ukilala, muuguzi aendelee bila kufikiri upya. Umeme ukirudi, usidai kila neno liingizwe. Utambuzi, dawa, vipimo na malipo vinatosha, na karani apangiwe kazi hiyo. Ukimrudishia muuguzi rundo la fomu za jana baada ya zamu ya usiku, umempoteza kwa haki kabisa.

Kuna jambo linaloniuma zaidi, nalo ni siri ya mgonjwa. Kijijini kila mtu anamjua kila mtu. Karani wa mapokezi huenda ni jirani wa mgonjwa au mke wa kaka yake. Majibu ya VVU yakionekana kwenye skrini iliyogeukia foleni, yule mama hatarudi tena, na dawa zake ataziacha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inakulazimisha kulinda taarifa hizi, ila hata isingekuwepo ungewajibika. Karani aone jina, umri, kijiji na malipo, basi. Kila mtu awe na nywila yake, na mfumo uandike nani kafungua faili la nani. Skrini zigeuzwe zitazame ukuta. Hilo la mwisho halina gharama, na bado ndilo nalolikuta halijafanywa mara nyingi kuliko yote.

Kuhusu programu yenyewe sina mengi: usiandike mpya. Hospitali nyingi za serikali zina GoT-HoMIS, mfumo wa serikali wa kuendesha hospitali, chini ya TAMISEMI. Hospitali kadhaa za KKKT zimetumia Care2x. Bahmni, iliyojengwa juu ya OpenMRS, ilianzia hospitali ya kijijini huko Ganiyari, India, kwa hiyo imezaliwa kwenye mazingira yanayofanana na yetu. Chagua ile ambayo jirani yako anaitumia, ili ukikwama upate wa kumpigia simu.

Mwisho ni mkataba, na hapa msimamizi wa hospitali asome kwa makini. Uandikwe kwamba data yote ni ya hospitali, na itatolewa kwa muundo unaosomeka na programu nyingine wakati wowote hospitali itakapoiomba, bila malipo ya ziada. Nywila kuu ya seva iwekwe kwenye bahasha iliyofungwa ndani ya sefu ya mganga mfawidhi. Fungu la betri mpya na vipuri liingie kwenye bajeti ya hospitali tangu mwaka wa kwanza, mradi ukiwa bado upo, kwa sababu betri zitachoka wakati mfadhili ameshaondoka. Na yule kijana wa pale kijijini anayejua kutengeneza simu, umwajiri na umsomeshe mapema, afanye kazi bega kwa bega na mafundi wanaofunga mfumo tangu waya wa kwanza unapovutwa.