Shangazi, nikihama chuo nitakuwa msaliti?

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni kijana wa miaka 20, mzaliwa wa Mwanza. Nipo mwaka wa pili katika chuo kidogo huku Marekani, kwa ufadhili wa mpira wa kikapu. Nacheza senta. Kocha wangu ndiye pekee aliyenitaka wakati wengine wote walisema bado sijaiva. Krismasi ya kwanza, bweni lilipofungwa, nililala kwake. Mkewe alinipa koti la baridi la mtoto wao mkubwa. Zipu ilikuwa inakwama, akaisugua kwa mshumaa mpaka ikateleza. Baba alipofariki mwaka jana, kocha alihangaika hadi chuo kikanilipia tiketi, nikawahi maziko. Msimu huu nimecheza vizuri. Sasa kuna mtu ananitumia meseji kwamba chuo kikubwa kinanitaka, na nitalipwa hela ambayo mama yangu, anayeuza dagaa Mwaloni Kirumba, hawezi kuishika maisha yake yote. Dirisha la uhamisho likifunguliwa natakiwa niweke jina. Wenzangu wawili wameshasema wanaondoka, na mashabiki mtandaoni wanawaita wasaliti. Nimeandika meseji ya kumuaga kocha, iko kwenye simu wiki ya pili sasa, sijaituma. Mama sijamwambia. Je, nikienda nitakuwa msaliti?*

*Senta, Marekani*

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa kuondokewa na baba. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama pale kwenye zipu na mshumaa. Asiye na shukrani hakumbuki zipu. Kwa hiyo swali lako nalijibu mapema ili usiku wa leo upate usingizi: hapana, kuhama chuo hakukufanyi msaliti. Ila sababu uliyonipa ya kuhama haijaniridhisha, na namna unavyotaka kuondoka imenisikitisha.

Hao mashabiki wanaowaita wenzako wasaliti na kusema wachezaji wa zamani walikuwa waaminifu wanasahau kwamba zamani mlango ulikuwa umefungwa kwa nje. Hadi mwaka 2021, mchezaji wa kikapu wa daraja la kwanza, yaani ngazi ya juu ya michezo ya vyuo huko, akihamia chuo kingine cha daraja hilo alikaa mwaka mzima bila kucheza, labda apewe msamaha maalumu. Kabla ya Oktoba 2018, ulipoanza mfumo wa kuandikisha majina ambao huko mnauita potali, alihitaji hata ruhusa ya chuo chake ili chuo kingine kizungumze naye. Mwaka 2021 ndipo ikaruhusiwa kuhama mara moja bila adhabu. Halafu ikaja kesi ya kupinga adhabu hiyo katika mahakama ya West Virginia, Desemba 2023, na tangu Aprili 2024 mchezaji anahama mara anazotaka alimradi masomo yake yako sawa. Hasheem Thabeet wetu alikaa chuo cha Connecticut tangu 2006 hadi 2009, akatoka pale akiwa wa pili kuchaguliwa kuingia NBA. Tunamsifu, na anastahili. Sithubutu kusema alibaki kwa kuogopa sheria. Nasema tu kwamba enzi zile kuhama kulimgharimu kijana mwaka mzima wa ujana wake, kwa hiyo kuwapima ninyi wa leo kwa kipimo cha wale si haki.

Na makocha je? Machi 2022, chuo kidogo cha Saint Peter's cha Jersey City kiliitoa timu ya chuo cha Kentucky kwenye mashindano ya taifa, kikaendelea hadi nane bora, jambo ambalo hakuna timu iliyopangwa nambari 15 kati ya 16 za kanda yake (moja ndiyo bora) iliyowahi kulifanya kabla yake. Vijana wale walipendwa nchi nzima. Mwezi haujaisha, kocha wao Shaheen Holloway alikuwa ameshachukua kazi chuo cha Seton Hall, na wachezaji wengi nao wakatawanyika. Simlaumu Holloway. Seton Hall ndiko alikosoma mwenyewe, na kila mtu anatafuta maisha. Miaka miwili baadaye John Calipari, aliyeifundisha Kentucky misimu 15, akaenda Arkansas. Kocha akihama tunasema amepata kazi, kijana wa miaka 20 akihama tunamwita msaliti. Hilo mimi silikubali hata kidogo. Kocha wako ni mtu mwema, nakuamini, lakini naye anaweza kupigiwa simu kesho.

Yupo Oscar Tshiebwe, mtoto wa Lubumbashi. Aliondoka chuo cha West Virginia katikati ya msimu, akajiunga na Kentucky mwanzoni mwa 2021. Msimu wake wa kwanza wa kucheza pale alidaka wastani wa ribaundi (mipira inayorudi ikikosa kikapu) 15.1 kwa mechi na akatajwa mchezaji bora wa vyuo wa nchi nzima. Kentucky iliyotolewa na Saint Peter's ndiyo hiyo hiyo ya Tshiebwe. Usiku ule alifunga pointi 30, akadaka ribaundi 16, na bado wakarudi nyumbani. Baada ya aibu ile alirudi Kentucky kucheza msimu mwingine. Yupo pia Zach Edey, Mkanada, senta kama wewe. Machi 2023, timu yake ya Purdue iliyopangwa nambari moja ilitolewa na Fairleigh Dickinson iliyopangwa nambari 16. Alirudi palepale, na Aprili 2024 akaifikisha Purdue fainali, wakafungwa na Connecticut 75 kwa 60. Mmoja alihama, mwingine hakuhama, nami sioni wa kumnyooshea kidole kati yao.

Nimekutajia hao wawili kwa makusudi, kwa sababu wote walicheza wakiwa na viza ya mwanafunzi, F-1, ambayo nina hakika ndiyo uliyonayo. Hapa nataka unisikilize kuliko mahali pengine popote kwenye barua hii.

Hela unayoambiwa ipo kweli. Tangu Julai 2021 wachezaji wa vyuo wanaruhusiwa kulipwa kwa jina na sura zao, na Juni 2025 mahakama iliidhinisha makubaliano yanayoruhusu vyuo vyenyewe kuwalipa wachezaji wao. Kwa mwaka wa kwanza kila chuo kiliwekewa kikomo cha takriban dola milioni 20.5 kwa michezo yake yote. Lakini sheria za michezo ni kitu kimoja na sheria za uhamiaji ni kingine. Mwenye F-1 hawezi kufanya kazi yoyote anayotaka. Ndani ya chuo ana saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na nje ya chuo mpaka awe na kibali. Tshiebwe, pamoja na tuzo zote zile, alisubiri safari ya timu Bahamas, Agosti 2022, ili afanye matangazo ya biashara akiwa nje ya ardhi ya Marekani. Hadi leo wanasheria wanabishana ni malipo gani mchezaji mgeni anaweza kupokea bila kuhesabiwa kuwa amefanya kazi bila kibali. Ukikosea hapo, anayepoteza viza ni wewe. Yule wa meseji atabadilisha namba ya simu na kumtafuta senta mwingine.

Na huyo mtu ni nani hasa? Umeniandikia barua nzima na hukumtaja hata kwa cheo. Makocha wa chuo kingine hawaruhusiwi kuwasiliana nawe kabla jina lako halijaingia potali, ndiyo maana watu wa namna hii hutumwa, au hujituma wenyewe. Hana karatasi ya kukuonyesha. Ana maneno tu, na kwa maneno hayo anataka uachie ulichokishika. Ukishapeleka ombi lako kwa maandishi, chuo chako kina siku mbili za kazi kuliingiza jina. Baada ya hapo kinaruhusiwa kukukatia ufadhili muhula unapokwisha, na ukibadili mawazo ukaliondoa jina, hakilazimiki kukurudisha. Mwaka 2025, dirisha lilipokuwa wazi kuanzia Machi 24 hadi Aprili 22, wachezaji wa kiume zaidi ya 2,000 wa daraja la kwanza waliweka majina. Wapo waliopanda, na wapo waliobaki hawana chuo. Mwenzako Mmarekani akikosa chuo anarudi kwao kwa basi. Wewe bila chuo huna viza.

Kuna kitu kingine hukukiandika kabisa, nacho kimenishtua: unasoma nini? Kocha umemtaja, koti umelitaja, hela umeitaja, lakini hujasema shahada yako ni ya nini. Nauliza kwa sababu ukimaliza mwaka wa pili unatakiwa uwe umekamilisha asilimia 40 ya shahada yako ndipo uruhusiwe kucheza mwaka wa tatu. Ukimaliza wa tatu, asilimia 60. Wa nne, 80. Hesabu hiyo inapigwa kwa shahada utakayoisoma chuo kipya, na chuo kipya hakikubali kila somo ulilofaulu ulikotoka. Nafahamu familia iliyomtuma kijana wao Marekani, akahama mara mbili katika miaka mitatu, kila mara masomo kadhaa yakiachwa njiani. Mpira uliisha, naye akabaki na mihula isiyofikisha shahada. Mama yake mpaka leo akiulizwa mwanao kasomea nini, hubadilisha mazungumzo.

Kwa hiyo kabla dirisha halijafunguliwa, nenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni hapo chuoni kwako. Mwambie yule anayeshika karatasi zako za I-20, zile za chuo zinazoishikilia viza yako, kwamba unafikiria kuhama, akueleze rekodi yako inahamishwa lini na vipi, na usiache darasa hata moja kabla hajakwambia. Mwombe pia akuelekeze kwa mwanasheria wa uhamiaji, na mwanasheria huyo asitafutwe na mtu wa meseji. Kisha chukua orodha ya masomo yako na uiweke tayari, ili siku chuo chochote kikikuita kihalali, swali lako la kwanza liwe ni mangapi kati ya hayo wanayapokea.

Sasa turudi kwa kocha. Najua unachoogopa. Unaogopa kuwa punda wa methali, anayelipa fadhila kwa mateke. Mwanangu, kocha hakukulaza nyumbani kwake Krismasi ili umlipe kwa misimu minne. Mkewe hakuisugua ile zipu akihesabu ribaundi. Kama walifanya kwa hesabu hiyo, basi halikuwa deni la wema bali biashara, nawe umeshailipa kwa kucheza. Nami siamini kuwa walifanya kwa hesabu. Unachodaiwa na watu wale ni ukweli, nao wausikie kinywani mwako kabla hawajausoma kwenye simu.

Nilipokuwa na miaka 23 nilifanya kazi kwa mama mmoja fundi cherehani, aliyenifundisha kukata kitambaa tangu sijui kushika mkasi. Nikapata kazi yenye mshahara mzuri zaidi. Nikaona aibu kumwambia. Nilisubiri siku aliyokwenda msibani, nikafunga duka, nikaacha ufunguo kwa jirani pamoja na kikaratasi. Kuondoka sijawahi kukujutia, kazi ile ndiyo iliyonisomeshea wadogo zangu. Ule ufunguo ndio unaoniuma. Nilisema nitakwenda kumsalimia, nikaahirisha mwaka hadi mwaka, akafariki kabla sijaenda. Ndiyo maana nilipofika kwenye ile meseji yako ya wiki mbili moyo ulinipasuka.

Ifute. Mwombe kocha dakika 20 ofisini kwake, mlango ukiwa umefungwa. Mwambie kuna watu wanakutafuta, mwambie hujaamua, halafu muulize mambo mawili: anakuona wapi msimu ujao, na yeye mwenyewe ana mpango wa kuwepo? Huenda akakasirika. Basi akasirike, ana haki ya dakika hizo. Huenda pia akakuambia wewe umeshakuwa mkubwa kuliko timu yake, akakupigia simu za kukutafutia pazuri baada ya jina lako kuingia kihalali. Wapo makocha wa vyuo vidogo wanaofanya hivyo na kujivunia. Ila hawezi kukusaidia kwa jambo analolisikia kwa watu wengine.

Umeniuliza kama utakuwa msaliti, hukuniuliza kama uende. Nami kama shangazi yako nitasema tu. Kwa yaliyomo kwenye barua hii ningebaki mwaka mmoja zaidi. Unacheza, unakua, una mtu anayekujua ukilia, na mbele yako kuna ahadi ya mtu asiye na jina kuhusu hela ambayo huenda viza yako haiiruhusu. Mwakani, ukiwa umefikisha asilimia 60 za shahada, na chuo kikikutaka kwa mlango wa mbele, mwanasheria amekwambia kipi kinapokeleka na kipi hakipokeleki, nenda mwanangu, na anayetaka kukuita msaliti akuite. Ukiona huwezi kusubiri, na ofisi ya wanafunzi wa kigeni pamoja na mwanasheria wakakupa majibu safi kwa maandishi, nenda hata mwaka huu. Sitakasirika. Niandikie tu uniambie umefika salama.

Mama yako usimwache nje ya jambo hili. Unamficha kwa kuwa unajua atasema usimtupe aliyekushika mkono, na labda atasema hivyo kweli. Lakini yeye ndiye aliyeketi na dagaa juani ukiwa tumboni, na baba hayupo tena wa kumpokea habari nzito. Usimpigie asubuhi ya huko kwake, mwaloni pana kelele za wapakuzi na wateja. Kama upo majimbo ya kati, saa tano yako ya asubuhi Aprili ni saa moja jioni Mwanza. Atakuwa amefunga meza na kunawa mikono. Anza kwa kumsimulia ile zipu, nadhani hujawahi kumwambia.