Simamisha watu wa jipsamu kwanza

Wewe mwenye vyumba vya wageni Nyali, uliyeuliza ununue testa gani ya waya wa mtandao, waya wa nje uwe wa aina gani na swichi za mtandao zihudumiwe kila baada ya muda gani: hayo yangoje. Kilichonishtua ni ile sentensi yako ya mwisho, kwamba fundi amepima waya, taa zote nane za testa zimewaka, na Jumatatu watu wa jipsamu wanafunga dari. Wapigie simu sasa hivi. Waambie umefiwa, waambie lolote.

Taa nane zinakwambia jambo moja tu: pini (jino la plagi) ya 1 huku imefika pini ya 1 kule, ya 2 imefika ya 2, basi. Hata waya wa kengele ungeziwasha. Hazijui waya ni wa madini gani, wala una urefu gani, wala kama jozi, yaani nyuzi mbilimbili zilizosokotwa pamoja, zimechanganywa. Fundi akipanga rangi kichwani mwake, jozi baada ya jozi, taa zitawaka kwa mfuatano mzuri kabisa, ilhali pini ya 3 na ya 6, ambazo lazima ziwe za jozi moja, zimetoka jozi mbili tofauti. Hapo mtandao unakwamakwama na kila mtu analaumu rauta.

Mimi nilifunga dari ghorofa nzima kwa taa hizohizo. Muuzaji mmoja hapa mjini, Mungu anamwona, aliniapia boksi lake ni shaba tupu, tena akanipunguzia bei "kwa kuwa wewe ni mtu wetu". Mtu wetu! Boksi nikalibeba kwa mkono mmoja, nikajiona nina nguvu. Kumbe alumini iliyopakwa shaba. Mchana kamera zote safi. Giza likiingia, zile taa za usiku za kamera zikiwaka, kamera za mwisho wa korido zinazima, zinajiwasha, zinazima tena. Umeme wa kamera unapita kwenye waya huohuo wa mtandao, na alumini ile ina ukinzani (kule kuuzuia umeme) unaoizidi shaba kwa nusu nzima au zaidi. Taa zikidai umeme wa ziada, haufiki. Nikabadilisha swichi. Nikabadilisha kamera. Nikamgombeza mtu wa intaneti, maskini, hana hatia. Mwisho nikatoboa dari iliyokwisha kupakwa rangi, nikavuta waya upya, jipsamu nikalipa mara mbili. Mke wangu hadi leo akiona kamera huniuliza kama imelala salama.

Sasa wewe chukua kipande kilichobaki, ukwangue uzi mmoja kwa wembe. Ukiona weupe ndani, ng'oa wote. Ukiwa mwekundu hadi ndani, nenda kwenye laini ndefu kuliko zote, unganisha nyuzi mbili za jozi moja upande mmoja, pima kwa multimita upande wa pili: mita 100 za shaba halali hazifiki omu 20 za ukinzani. Na laini ya ndani ya ukuta isizidi mita 90. Kisha fundi alete ile mashine inayotoa ripoti ya kila laini: urefu, jozi, mwingiliano wa jozi kwa jozi (mawimbi ya jozi moja kuvujia nyingine), imepita au imefeli. Hana? Akodishe. Salio lake lisitoke mfukoni mwako mpaka hiyo ripoti uishike mkononi, tena uisome laini kwa laini, maana fundi wangu wa pili aliniletea ripoti ya jengo la mtu mwingine.