Kadi za Star Trek za 1976: Weka Chini Pasi na Mkasi

SWALI: Nimenunua seti ya kadi za kukusanya za Star Trek, ule mfululizo wa televisheni, zilizotolewa na kampuni ya Topps mwaka 1976. Zote 88 zimo, na stika 22 pia. Zilikaa miaka mingi kwenye albamu ya plastiki, na baadhi zimegandana na kurasa. Moja ina doa mgongoni la chingamu iliyouzwa nayo kwenye pakiti, na kadhaa zimepinda. Kwenye video moja nimeona mtu akizifuta kwa maji ya kusafishia miwani, akizipiga pasi, halafu akikata kingo kidogo ili pembe ziwe kali kabla ya kuzipeleka kupimwa daraja la ubora. Nianze na lipi? – Msomaji, Columbus, Ohio

JIBU: Usianze na lolote kati ya hayo matatu. Yote yanaharibu kadi, na kukata ndiko kubaya zaidi, maana doa ulilolikuta bado ni sehemu ya kadi, lakini ulichokikata hakirudi.

Wanaouza ushauri huu hawasemi kwamba mpimaji hutazama kingo kabla ya picha. Kadi ya Topps ya wakati huo ina upana wa milimita 63.5 na urefu wa milimita 88.9. Ilikatwa kiwandani kwa visu vizito, kwa hiyo ukingo una uchovu kidogo na nyuzi fupi za karatasi, na rangi yake inalingana na umri wa kadi hiyo. Ukingo wa wembe ni mweupe, laini mno, na mara nyingi unapindapinda kidogo. Weka kadi zako zote 88 wima kwenye meza, kingo zikiwa sawa: iliyokatwa itazama kati ya wenzake, na utaiona kwa jicho tupu. PSA, kampuni inayopima kadi daraja, wana misimbo ya kukataa kwa ajili hiyo, N1 kwa kadi iliyokatwa na N7 kwa iliyosafishwa. Umelipa ada na posta, umerudishiwa kadi bila daraja.

Maji ya miwani nayo yana vilainisha uchafu na mara nyingi alikoholi. Mbele ya kadi vinaondoa mng'aro na kuacha madoa mapana yanayoonekana ukiigeuza kwenye mwanga. Nyuma, ambako karatasi haina mng'aro, maji yanavimbisha nyuzi na hazilali tena kama zamani. Doa la chingamu limeingia ndani ya nyuzi hizo, si la kufutika. Liache. Kitu pekee ninachokubali kuondolewa ni nta iliyotoka kwenye karatasi ya pakiti na kubaki kwenye uso wenye mng'aro: isugue taratibu kwa kipande cha soksi laini ya nailoni, ikiwa kavu kabisa, bila kukandamiza. Pasi huyeyusha mng'aro na kuubana uwe bapa kwa namna isiyo ya kiwandani. Mkunjo uliovunja karatasi hauondoki hata hivyo.

Sasa hizo zilizogandana, maana hapo ndipo kazi yako ilipo. Albamu hiyo karibu hakika ni ya PVC laini. Plastiki hiyo ina vilainishi ambavyo hutoka polepole, vikanata kwenye wino. Ndiyo harufu kali na utelezi unaousikia vidoleni. Usivute kadi. Kata mfuko kwa mkasi wa ncha butu pande tatu, mbali na kadi, kisha laza kadi mezani na ikunje plastiki irudi nyuma juu yake yenyewe, ukiivuta kidogo kidogo. Plastiki ndiyo ipinde, kadi ibaki bapa. Ukiona wino unafuata, simama na uiache na kipande chake cha plastiki. Zilizotoka zilaze kati ya karatasi zisizo na asidi kwa siku kadhaa, mahali penye hewa, kabla ya kuzitia kwenye mifuko ya polipropilini. Andiko la mfuko liseme wazi kuwa haina PVC.

Zilizopinda kwa unyevu, bila mkunjo, zitie mfukoni, ziweke chini ya vitabu kwa wiki kadhaa kwenye chumba chenye unyevunyevu wa asilimia 40 hadi 50. Chini ya nyumba na darini hapafai. Joto linapanda na kushuka, na kadi inapinda tena.

Tapeli mwingine atakwambia ujue kadi bandia kwa taa ya UV. Taa hiyo inasaidia kwa karatasi za kabla ya miaka ya 1940 kuisha, wakati vingaza vya karatasi, yaani kemikali zinazoifanya ing'ae chini ya taa hiyo, havikutumika. Kwa kadi ya 1976 mwanga wake hauthibitishi kitu. Chukua kioo cha kukuzia mara 10. Kwenye kadi halisi, picha ni nukta zilizopangwa kwa safu, na herufi nyeusi ni wino mzito usio na nukta. Nakala iliyopigwa kutoka kwa kadi nyingine ina herufi zenye nukta na kingo zenye ukungu. Hilo ni muhimu zaidi mtu akikuletea seti ya Star Trek ya kampuni ya Leaf ya 1967, kadi 72 za picha nyeusi na nyeupe, kwa kuwa nakala zake zimo sokoni tele.

Mwenye kupata kadi ya Luteni Uhura, mhusika wa Star Trek ambaye jina lake limetokana na neno letu uhuru, huitaka ing'ae. Kadi iliyochakaa yenyewe kwa umri, yenye pembe za mviringo na doa la chingamu, bado inauzika kwa jina lake halisi. Ile iliyokatwa hukataliwa na mpimaji na pia na mnunuzi anayejua, na mnunuzi asiyejua utakuwa umemdanganya.