Nina shilingi 45,000 na nataka kuanza udijei: ninunue nini?

SWALI: Mimi ni kijana wa Kisauni, nina laptopu na shilingi 45,000. Nataka kupiga muziki kwenye harusi na sherehe za mtaani. Muuzaji ameniambia nichukue kontrola (kile kifaa cha vitufe na vitelezi cha kuchezea muziki wa laptopu) ya bei ya chini kabisa, pesa zitakazobaki niongeze spika kubwa. Nimsikilize?

JIBU: Hapana, ndugu yangu. Spika hukodishwa, tena mara nyingi na fundi wake, na gharama hiyo huingia kwenye hesabu ya mwenye sherehe. Kontrola na hedifoni ndivyo vyombo utakavyofanyia mazoezi kila siku. Weka pesa huko.

Kitu cha kwanza kukagua ni kama kontrola ina kadi ya sauti ndani yake. Dijei anahitaji njia mbili: moja iende kwa watu, nyingine masikioni mwake, ausikie wimbo unaofuata kabla hajauachia. Pioneer DJ DDJ-200 haina kadi hiyo. Ukitaka kusikiliza kando unachomeka kebo ya kugawa sauti, na hapo stereo imekwisha: upande mmoja unakwenda kwenye spika, mwingine kwenye hedifoni, kote mono. Ya kujifunzia chumbani, sawa. Kwa harusi siishauri.

Tafuta DDJ-FLX4. Ina chaneli mbili, yaani nyimbo mbili kwa wakati mmoja, ina kadi ya sauti, na inafanya kazi na programu za udijei za rekordbox na Serato DJ Lite. Ikikushinda bei, itafute DDJ-400 ya mkono wa pili, iliyotoka 2018, au Hercules Inpulse 300. Chaneli nne huzihitaji sasa.

Ukinunua iliyotumika, usilipe kabla hujaijaribu kwa laptopu yako mwenyewe. Hapa kwetu hewa ya bahari ina chumvi na unyevu, na chombo kilichokaa bila kufunikwa huonyesha uchakavu haraka. Cheza wimbo, pandisha kitelezi cha sauti polepole mpaka juu, kisha ukishushe. Sauti ikikwaruza, au ikipotea katikati na kurudi, kitelezi kimechoka. Kikiwa chini kabisa na wimbo bado unasikika kwa mbali, ni vivyo hivyo. Tikisa kidogo waya wa USB pale unapoingia: laptopu ikiipoteza kontrola, iache hapo hapo, hata ukipunguziwa bei.

Hedifoni ziwe za kufunika sikio lote. Utasimama karibu na spika, na zile ndogo za simu hazitakufaa kitu.

Nunua pia kebo yako ya kutoka RCA (zile plagi mbili ndogo, nyekundu na nyeupe) kwenda jeki mbili kubwa za mono, zile za milimita 6.35. FLX4 hutoa sauti kwa RCA, na mikisa ya kukodi, ile mashine ya kuchanganya sauti kabla ya spika, mara nyingi hupokea jeki kubwa. Ni kitu cha bei ndogo, lakini ukikikosa siku ya shughuli, maharusi wataingia ukumbini kimya.

Kontrola hizi hula umeme kupitia USB ya laptopu. Stima ikikatika, betri ikiwa nzuri, kontrola haizimiki; jenereta ikiwaka unaendelea ulipofikia. Kwa hiyo betri ya laptopu ikiwa imekufa, ibadilishe kwanza, hata kama kontrola itasubiri mwezi mmoja zaidi.