Jenerali asiyeongoza vita aliitawalaje Ujerumani?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nasoma shahada ya historia, mwaka wa pili. Nimekuta kwamba Jenerali Lucius Clay, gavana wa kijeshi wa Marekani nchini Ujerumani baada ya Vita Kuu ya Pili, hakuwahi kuongoza kikosi vitani. Kwa nini alipewa yeye kazi hiyo? Na mamlaka yake yalitoka wapi kisheria?

JIBU: Marahaba. Nianze na sheria, maana hapo ndipo wanafunzi wangu wengi hujikwaa. Kanuni za Hague za 1907, yaani sheria za kimataifa za vita, kifungu cha 43, zinamtaka anayeikalia nchi ya adui aziheshimu sheria alizozikuta, isipokuwa pale isipowezekana kabisa. Lakini Ujerumani ilisalimu amri bila masharti, ikabaki haina serikali, na tarehe 5 Juni 1945 mataifa manne yaliyoshinda, Marekani, Uingereza, Ufaransa na Umoja wa Kisovieti, yalitangaza kwamba yanashika mamlaka yote ya nchi, kila moja katika kanda yake. Kwa hiyo katika kanda ya Marekani gavana alitunga sheria, alizitekeleza, na hata hukumu za mahakama za kijeshi zilifika mezani kwake. Ni madaraka makubwa mno kwa mtu mmoja, na sioni haya kusema hivyo.

Kuhusu kuteuliwa kwake, Clay alikuwa mhandisi. Alisimamia ujenzi wa bwawa la Denison, mpakani mwa Texas na Oklahoma, na wakati wa vita alishughulikia ununuzi wa zana za jeshi kutoka Washington. Mwaka 1944 alitumwa bandari ya Cherbourg, Ufaransa, kuharakisha upakuaji wa shehena. Sasa itazame Ujerumani ya 1945: madaraja yamelala mitoni, makaa ya mawe hayafiki mijini, watu wana njaa. Aliyehitajika hapo ni mtu wa reli na unga. Alianza kama naibu, akawa gavana Machi 1947.

Uamuzi wake ninaouthamini kuliko yote ni wa Januari 1946. Washauri walimwambia ni mapema mno, yeye akaitisha uchaguzi wa serikali za vijiji na miji midogo, miezi minane tu baada ya vita. Aliamini watu hujifunza kujitawala kwa kujitawala.

Kisha ikaja fedha mpya katika kanda tatu za Magharibi. Noti zilichapwa Marekani na kusafirishwa kwa siri. Jumapili ya tarehe 20 Juni 1948 kila mtu alipewa marki 40. Kesho yake bidhaa zilizokuwa zimefichwa zikajaa madirishani mwa maduka, na sigara, ambazo watu walikuwa wakinunulia vitu, zikaanza kupoteza kazi hiyo. Ila usiwasahau wenye akiba: marki 100 za zamani benki ziliishia kuwa 6.50. Bei nazo zilipanda, na Novemba wafanyakazi wakagoma.

Wasovieti walijibu kwa kuzifunga njia za kwenda Berlin Magharibi, iliyozungukwa na kanda yao, Clay naye akailisha kwa ndege. Tarehe 12 Mei 1949 mzingiro uliondolewa, na siku hiyo hiyo magavana watatu wa Magharibi wakaidhinisha Sheria ya Msingi, yaani katiba ya Ujerumani Magharibi. Siku chache baadaye Clay aliondoka, na aliyemrithi, John McCloy, alikuwa raia, si mwanajeshi.

Ukiandika insha yako, usikimbilie ndege za Berlin. Anza na yale masanduku ya kura ya vijijini.